Barua ya wazi kwa Kamishna wa NHL: ngumi zimepungua zenyewe, nyinyi bado hamjazikataza

KWA: Bwana Gary Bettman, Kamishna wa NHL (ligi kuu ya hoki ya barafu ya Marekani na Canada), pamoja na wamiliki wa timu zote 32
NAKALA: Bwana George Parros, Idara ya Usalama wa Wachezaji, na chama cha wachezaji
KUH: Kupigana ngumi kwenye hoki ya barafu

Mheshimiwa Kamishna,

Shikamoo. Kwetu mtu wa umri wako anaamkiwa kwanza ndio maneno yafuate, kwa hivo pokea salamu yangu hata kama yanayokuja huko chini hayatakupendeza.

Naandika Kiswahili na najua hukisomi. Nimefanya makusudi. Wazazi wenzangu wa hapa Minnesota na wale wa Winnipeg na Edmonton na Calgary, wanaoamka saa kumi alfajiri kuwasha gari ipate joto ndio wampeleke mtoto mazoezini, hao watakisoma, na wewe una mawakili wengi hutakosa mmoja wa kukutafutia mkalimani.

Mimi ni mtu wa Mombasa. Barafu niliyokulia nayo ni ile ya ukwaju kwenye mfuko wa nailoni, unaing'ata pembeni unafyonza mpaka ibaki nyeupe haina ladha, na yale mabonge ya wauza samaki. Kwamba watu wazima wanaweza kuvaa viatu vyenye visu wakakimbizana juu ya barafu nilikuja kuona huku huku, na nilicheka sana siku ya kwanza. Mtoto wangu ndie aliyenitia kwenye huu mchezo. Ana miaka 11, ana mwili kuliko wenzake wote, anavaa namba 17, na sasa mimi mwenyewe niko pale kwenye benchi la chuma nimejifunga leso juu ya koti nampigia refa kelele ya ofsaidi. Kwa hivo usidhani huyu ni mtu wa nje amekuja kudharau mchezo wa watu. Naupenda, ndio maana naandika.

Kilichonifikisha hapa ni hiki. Msimu uliopita niko jikoni nakaanga mahamri nikaskia kitu kinaanguka sakafuni, pap, halafu kingine, pap. Nageuka naona mwanangu na rafiki yake wamesimama na soksi kwenye zile vigae, glavu ziko chini, mkono wa kushoto wa kila mmoja umeshika jezi ya mwenzake hapa kifuani, wa kulia umekunjwa nyuma ya sikio. Hawakuwa wamekasirika hata kidogo. Mwanangu akamvuta mwenzake jezi kwa nyuma ikamfunika kichwa chote, mikono ikanasa humo ndani, akawa anampiga kidogo kidogo huku anahesabu. Nikamuuliza nani kakufunza hii, akanijibu bila kuwa na wasiwasi, kocha amesema mimi mkubwa, mimi ndio nitakuwa nalinda wenzangu, sasa lazima nijue.

Nilimfuata kocha, akacheka, akasema ilikuwa mzaha na ni sifa kwa mtoto. Nikaandikia uongozi wa klabu (siitaji jina, sina haja ya kumwaibisha mtu), barua pepe mbili na kikao kimoja cha dakika kumi kwenye korido watu wanapita na mabegi. Wakaniambia mama, sheria zetu za watoto haziruhusu kupigana, lakini watoto wanaiga wanachokiona, na hayo yanatoka juu. Haya. Nimekuja juu.

Kabla sijaanza nikubali jambo moja nisije nikaambiwa naongea vitu vya zamani. Ndio, zimepungua. Miaka ya 1980 ilifika mahali wastani unazidi pambano moja kwa kila mechi, siku hizi unaweza kukaa mechi nne tano ndio uone moja. Kila nikimlalamikia mtu wa hoki hapa hio ndio kauli anayonipa, ati mama punguza presha, inaisha yenyewe. Sasa malalamiko yangu yanaanzia hapo hapo.

1. Zimepungua, lakini sio nyinyi mliozipunguza

Mwaka 1922 ligi yenu iliandika kwamba anaepigana akae nje dakika tano. Leo, zaidi ya miaka 100 baadae, fungua kanuni ya 46, ni dakika tano zile zile. Dunia nzima imebadilika, helmeti zimekuja, vioo vya uso vimekuja, video ya kukagua goli imekuja, dakika tano haijaguswa. Mtu akimkata mwenzake ngumi nane za uso anakwenda kukaa kwenye kile kibanda, anakunywa maji, anarudi kucheza.

Kilichowaondoa wababe, wale waliowekwa timuni kwa ajili ya kupigana, ni pesa na kasi. Baada ya ule msimu wa 2004-05 uliofutwa wote kwa mgogoro wa mishahara, mkaweka kikomo cha bajeti ya mishahara kwa kila timu, mkaruhusu pasi ndefu ya kuvuka laini mbili, mkawaambia marefa wapige filimbi mtu akimkwaza mwenzake na fimbo. Mchezo ukawa mbio tupu. Timu gani sasa itaweka mshahara kwa mtu anaecheza dakika nne na hajui kugeuka na paki, kile kisahani cha mpira kinachopigwa na fimbo? Hesabu ilikataa. Laini ya nne, kile kikundi cha mwisho cha kuingia kwa zamu, ambayo zamani ilikuwa ya mabaunsa ikabidi nayo iwe na watu wa kukimbia.

Nisiwanyime haki yenu. Mwaka 1987 mlisema anaetoka benchi kwenda kupigana afungiwe mechi 10, na zile vurugu za timu nzima kwa timu nzima zikakatika karibu mara moja, kumbe mkitaka mnaweza! Mwaka 1992 mkamkazia anaeanzisha. Mwaka 2013 mkasema atakaevua helmeti apigane aongezewe dakika mbili, basi kwenye mechi za majaribio tu mwezi wa Septemba, Krys Barch na Brett Gallant wakasimama, huyu akamvua mwenzake kofia kwa adabu, na yule akamvua huyu, kama wanaharusi wanafunuana, ndio wakaanza kutwangana. Mimi hio video nimeiona mara nyingi na kila mara nacheka halafu najiuliza nacheka nini. Hivo ndivyo inavyokuwa ukizungushia jambo vikanuni pembeni na lenyewe umeliacha pale katikati.

2. "Ngumi zinalinda wachezaji"

Hii ndio hoja yenu kubwa na naielewa. Ati Wayne Gretzky, yule nyota mkubwa wa hoki, aling'ara kwa sababu Dave Semenko alikuwa karibu, halafu baadae Marty McSorley, hakuna mtu angethubutu kumgusa. (Huyu Semenko, kwa wasiojua, Juni 1983 alipanda ulingoni kule Edmonton raundi tatu za maonyesho na Muhammad Ali. Na Ali tena! Mimi nikiskia hivo nilimheshimu hapo hapo.) Na kwamba watu wakipewa nafasi ya kumalizana kwa mikono hawatafikia kutumia fimbo.

Sasa tuangalie. Tarehe 21 Februari 2000, Vancouver. Huyo huyo McSorley, sasa amezeeka yuko Boston, alipigana na Donald Brashear mapema kwenye mechi akashindwa. Wamemalizana, sio? Akaendelea kumtaka warudiane, Brashear hataki. Zikiwa zimebaki kama sekunde tatu mechi iishe McSorley akamjia kwa nyuma akampiga fimbo ya kichwa, jamaa akaanguka kisogo kikagonga barafu mwili ukawa unatetemeka. Mahakama ya British Columbia ikamkuta na hatia.

Tarehe 8 Machi 2004, uwanja ule ule. Steve Moore wa Colorado alikuwa na deni kwa sababu alimuumiza nahodha wa Vancouver wiki chache nyuma. Kipindi cha kwanza akalilipa, akapigana na Matt Cooke. Kwa sheria zenu zisizoandikwa hapo yalikuwa yameisha. Kipindi cha tatu Todd Bertuzzi akamfuata akamkamata jezi kwa nyuma akampiga akamlalia, shingo ikavunjika, Moore hakucheza tena mpaka leo.

Mara zote mbili ngumi zilikuwa zimeshapigwa mapema siku hio hio. Hazikumlinda mtu. Hii nguzo yenu imeoza, na mimi nimechukua mifano miwili tu.

3. Mtoto mweusi mwenye mwili

Hapa nitasema taratibu manake najua kuna watakaokasirika. Val James, mtu mweusi wa kwanza mzaliwa wa Marekani kucheza NHL, aliingia Buffalo msimu wa 1981-82 na kazi aliyopewa ilikuwa ngumi. Akaja Peter Worrell. Akaja huyu Brashear. Akaja Georges Laraque, wazazi wake wa Haiti, ambae baada ya kustaafu amejitokeza kusema jinsi ile kazi ilivokuwa inamnyima usingizi usiku kabla ya mechi. Akaja Ryan Reaves. Sisemi wote weusi wamepewa hio kazi, Grant Fuhr alikuwa golini na makombe matano, Jarome Iginla alikuwa mfungaji hatari (ingawa nae ngumi alizijua). Lakini mimi mama nikiskia kocha anamwangalia mwanangu wa miaka 11, ambae kwa kweli anateleza vizuri na anapiga pasi za upande ambazo wenzake hawazioni, halafu kitu cha kwanza anachokiona ni bodigadi, sina budi kuuliza hilo wazo kalitoa wapi. Kalitoa kwenye TV miaka 40 iliyopita. Na nyinyi mkizifuta ngumi kwenye kitabu hio nafasi inakufa, hakuna kocha wa mtaani atakaemwandalia mtoto wangu kazi ambayo haipo.

4. Ubongo

Hapa St. Paul jina la Derek Boogaard bado linatajwa. Alikuwa mtu wa futi sita na inchi saba, alichezea Minnesota Wild tangu 2005, na watu wengi walivaa jezi yake. Mechi 277, magoli 3. Oktoba 2006 alimpiga Todd Fedoruk ngumi moja mfupa wa shavu ukapondeka, madaktari wakaushika kwa vyuma, na mwaka uliofuata huyo Fedoruk akaletwa hapa hapa Minnesota wakawa wanavalia chumba kimoja. Fikiria unamwona kila asubuhi. Mwaka 2007 Boogaard na ndugu yake wakafungua kambi kule Regina ya kufundisha watoto wa kuanzia miaka 12 namna ya kupigana kwenye barafu. Miaka 12, Bwana Bettman. Wangu anafika mwakani.

Tarehe 13 Mei 2011 Boogaard alikutwa amekufa kwenye nyumba yake hapa Minneapolis, dawa za maumivu na pombe, miaka 28. Wataalamu wa Boston University wakaufungua ubongo wake wakakuta CTE, ule ugonjwa wa kugongwa kichwa mara kwa mara. Agosti hio hio Rick Rypien akafa, miaka 27, na tarehe 31 Wade Belak, miaka 35. Watu watatu wa kazi moja, kiangazi kimoja. Bob Probert, nae wa kazi hio hio, alikuwa ametangulia mwaka mmoja nyuma na kwake pia waliikuta.

Wewe mwaka 2016 ulimwandikia Seneta Blumenthal wa Marekani kurasa kwa kurasa kwamba sayansi ya mitikisiko ya ubongo na CTE bado changa. Mwaka 2019 mbele ya wabunge wa Canada ukarudi pale pale. Mimi sio daktari. Mimi nafanya shifti ya usiku kwenye nyumba ya wazee waliopoteza kumbukumbu, nawaogesha, nawalisha, nawaitikia jina la marehemu mke wao wanaponiita hilo jina. Ninachokijua ni jinsi mtu mzima mwenye mabega mapana anavokaa ukingoni mwa kitanda saa tisa usiku ameshika kiatu kimoja haelewi kinavaliwa wapi, na anajua kwamba zamani alikuwa anajua, hio ndio inayoumiza. Wakili anaweza kuiita changa. Mimi siwezi.

Na mwaka 2018 wale wachezaji wa zamani waliowashtaki mkamaliza nao kwa dola milioni 18.9, wako 318, kila mmoja dola 22,000 na matibabu kidogo, na ligi haikukubali kosa. Dola 22,000 hapa mjini hazifikishi mtu mwaka mzima kwenye nyumba kama ninayofanyia kazi.

5. Mnazikataza kwa mdomo mnaziuza kwa mkono

Tarehe 18 Februari 2024 kijana Matt Rempe wa timu ya New York Rangers aliingia mechi yake ya kwanza kabisa ya NHL, kwenye uwanja wa wazi kule New Jersey watu karibu 80,000, na kitu cha kwanza alichofanya ni kupigana. Wiki ile nzima ilikuwa Rempe Rempe Rempe. Tarehe 3 Aprili timu yake hio ya Rangers na ile ya Devils, paki haijatulia chini watu kumi wakawa wanatwangana, wanane wakatolewa, na hapo tena nikaona, kumbe marefa kutoa mtu wanajua!

Mwaka 2025 mkaandaa wenyewe mashindano ya nchi nne. Tarehe 15 Februari, Montreal, Canada na Marekani, mapambano matatu ndani ya sekunde tisa za mwanzo. Mwanangu shuleni Jumanne iliyofuata hakuna aliyekuwa anaongea kitu kingine. Siku tano baada ya ile mechi ikawa fainali Boston, timu zile zile, chuki ile ile, na hakuna aliyekunja ngumi, kwa sababu sasa kulikuwa na kombe na hakuna mpumbavu wa kukaa nje dakika tano. McDavid akafunga muda wa nyongeza, Canada 3-2. Ilikuwa mechi tamu kuliko zote nilizowahi kuona, na mimi nilikuwa nashangilia walioshindwa. Mkiniambia mashabiki hawatakuja bila ngumi nitawaonyesha hio.

Mtasema pia hao ni watu wazima wamekubali wenyewe. Boogaard alianza kupigania nafasi yake akiwa kijana hajafika hata miaka 18, kwa sababu aliambiwa hio ndio njia yake pekee ya kufika kwenu. Mtasema ni utamaduni wa mchezo. Olimpiki ni hoki pia, ukipigana umetoka. Vyuo vya Marekani ni hoki, ukipigana umetoka na mechi inayofuata huchezi. Ligi ya vijana ya Quebec, nyumbani kwa mchezo wenyewe, tangu msimu wa 2023-24 ukipigana umetoka. Wamebaki wanajaza viti.

Ninachoomba sio kingi. Kanuni ya 46 ibadilishwe kabla ya msimu ujao, anaepigana atolewe mechi hio na akose inayofuata, akirudia iongezeke, bila kujali nani alianza. Akaunti za ligi na za timu ziache kurusha video za mapambano kama vile ni magoli. Ligi iseme wazi kwamba kupigwa kichwa miaka kumi kunaharibu ubongo, iseme hivo bila "lakini", na ifungue mfuko wa matunzo kwa wale waliofanya hio kazi kwa niaba yenu, mfuko wa kumtunza mtu mpaka mwisho wake. Na Bwana Parros, wewe nakuandikia kwa heshima ya pekee. Ulifanya kazi hio. Oktoba 2013 Montreal ulianguka uso kwanza mbele ya macho ya watu wote ukatolewa kwa machela, na tangu 2017 wewe ndie unashika usalama wa wachezaji. Hakuna mtu ofisini mwenu anaejua hii habari kuliko wewe. Ukisema neno moja hadharani litafika mbali kuliko barua yangu hii yote.

Nasubiri jibu, hata fupi. Kama litakuja kwa Kiingereza sio neno, nitawasomea wenzangu hapa. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tuko uwanjani kama kawaida. Yule kocha bado ni kocha, na mwanangu nimemwambia glavu zikianguka chini hata kwa bahati mbaya aziokote haraka kabla sijashuka kutoka kule juu.

Wako kwa heshima,

Mama wa namba 17
Minnesota, mzaliwa wa Mombasa